Makocha wa ulinzi wapewe njia yao

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nizungumzie jambo ambalo kurasa za michezo za magazeti yetu huligusa kwa nadra, nalo ni maisha ya kazi ya kocha msaidizi, hasa yule anayefundisha safu ya ulinzi. Kinachonisukuma kuandika ni desturi ya klabu zetu, hapa Tanga na kwingineko nchini, kulivunja benchi zima la ufundi kila matokeo yanapokuwa mabaya, kana kwamba maarifa ya kuzuia mabao yanakaa kichwani mwa kocha mkuu peke yake na akiondoka yeye hayana mwenyewe tena. Nitachukua mfano kutoka mbali, katika mpira wa Kimarekani. Wasomaji wengi wanaujua mchezo huo kwa picha za wanaume waliovaa kofia ngumu na vikinga mabega, lakini umefanya jambo ambalo sisi wa soka bado hatujalifanya: umemfanya kocha wa ulinzi kuwa mtu mwenye fani kamili, mwenye ngazi zake za kupanda na heshima yake mwenyewe, hata kama hatakuwa kocha mkuu maishani mwake.

Katika ligi kuu ya mchezo huo, NFL, yenye klabu 32, wanaoshambulia na wanaozuia ni watu tofauti kabisa. Timu ikiwa na mpira huingiza wachezaji 11 wa kushambulia. Mpira ukienda kwa wapinzani, hao hutoka wote na kuketi, kisha huingia wengine 11 ambao kazi yao ni kuzuia tu. Kwa sababu hiyo karibu nusu ya klabu huwa chini ya mtu mmoja anayeitwa mratibu wa ulinzi. Chini yake yupo mwalimu wa wale wazito wa mstari wa mbele, yupo mwalimu wa wachezaji wa katikati wanaoitwa lainibeka, na yupo mwalimu wa mabeki wa nyuma. Chini ya hao wapo vijana ambao hawajakabidhiwa mchezaji hata mmoja. Wao hukesha wakikata video za mpinzani, wakiandika kila alichokifanya katika kila hali, kisha wakichora mbinu zake kwenye kadi kubwa ili siku ya mazoezi wachezaji wa akiba wazisome na kuziigiza mbele ya kikosi cha kwanza. Kazi hiyo haina picha gazetini wala shangwe ya mashabiki, lakini makocha wengi wenye majina leo walipita hapo, na klabu zinajua kwamba anayechora kadi mwaka huu anaweza kuwa mwalimu wa mabeki baada ya misimu michache.

Mfano ambao nimeufuatilia kwa karibu kuliko mingine ni wa Vic Fangio. Alizaliwa mwaka 1958 katika mji mdogo wa Dunmore, jimbo la Pennsylvania, na hakuwahi kucheza katika ligi ya kulipwa. Mwaka 1979 alianza kufundisha katika shule ya sekondari ya mji wake, na mwaka 1983 akaenda Chuo Kikuu cha North Carolina akiwa msaidizi wa daraja la chini kabisa. Mwaka uliofuata alijiunga na Philadelphia Stars, klabu ya ligi ya USFL, ligi iliyojaribu kushindana na NFL na ikafa baada ya misimu mitatu tu. Kocha mkuu wa Stars alikuwa Jim Mora. Mora alipochukuliwa na New Orleans Saints mwaka 1986 alimchukua Fangio pia na kumkabidhi walainibeka, akiwa bado hajafikisha miaka 28, na kijana yule akakaa katika kazi hiyo hiyo kwa misimu tisa.

Naomba msomaji aitafakari misimu hiyo tisa, maana ndiyo inayonifanya nimheshimu mtu huyu. Alikuwa na wachezaji wanne mikononi: Rickey Jackson, Sam Mills, Vaughan Johnson na Pat Swilling. Katika msimu wa 1992 wote wanne walichaguliwa kucheza mechi ya nyota wa ligi, jambo ambalo halijawahi kutokea kwa walainibeka wanne wa timu moja wakati wowote mwingine. Sam Mills, kwa mfano, alikuwa na urefu wa takriban sentimita 175, kimo ambacho katika nafasi yake kilihesabiwa kuwa kasoro. Alikwisha kukataliwa na timu za kulipwa, akafundisha shuleni, ndipo Stars wakampa nafasi, na mwaka 2022, miaka 17 baada ya kifo chake, jina lake likaingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo lililoko Canton, Ohio. Mchezaji wa namna hiyo hakuzwi na mwalimu wa msimu mmoja. Anahitaji mtu anayemwona kila asubuhi, anayejua mguu gani unatangulia na jicho linadanganywa na nini, na anayebaki pale hata baada ya mechi mbaya. Tukijiuliza ni beki gani wa Tanga aliyewahi kuwa na mwalimu mmoja wa ulinzi kwa misimu mitatu mfululizo katika klabu ile ile, sidhani kama jibu litapatikana haraka.

Mwaka 1995 ilianzishwa klabu mpya ya Carolina Panthers. Kocha wake mkuu, Dom Capers, alikuwa amefanya kazi na Fangio kule New Orleans, akamwita kuwa mratibu wa ulinzi. Katika msimu wa pili tu wa uhai wake, timu ile ilifika hatua ya mwisho kabla ya fainali ya ligi, ikibebwa zaidi na ulinzi wake. Baada ya msimu wa 1998 kocha mkuu alifukuzwa na Fangio akarudi kwa mzee wake Mora, safari hii Indianapolis Colts. Huko mambo yakaharibika. Msimu wa 2001 ulinzi wa Colts ulivuja vibaya, na taarifa za wakati ule zilisema kwamba uongozi ulimtaka Mora amwondoe Fangio, Mora akakataa, akafukuzwa yeye mwenyewe. Sitasema kwamba Mora alikuwa sahihi kiufundi, kwa maana takwimu za msimu ule zilikuwa mbaya kweli, lakini ni vigumu kumkuta kocha mkuu wa kwetu akiweka kibarua chake rehani kwa ajili ya msaidizi wake, na ni vigumu zaidi kuukuta uongozi unaofahamu hata jina kamili la msaidizi huyo.

Capers alimwita tena mwaka 2002 katika klabu nyingine iliyokuwa ikianza, Houston Texans. Walikaa misimu minne, na wa mwisho ulikuwa wa aibu, kwani katika mechi 16 walishinda mbili. Wote wakafungashiwa virago. Hapo Fangio alikuwa amekwisha kuwa mratibu wa ulinzi kwa misimu 11 katika klabu tatu, na kwa desturi zetu mtu wa aina hiyo angebaki nyumbani akisubiri kuitwa kwa cheo kile kile, au angeingia kwenye uchambuzi wa redioni. Yeye alikubali kushuka. Mwaka 2006 alijiunga na Baltimore Ravens kama msaidizi maalumu wa kocha mkuu, bila kikosi cha kuongoza, na mwaka 2009 akarudishwa kuwa mwalimu wa walainibeka, kazi ile ile aliyoianza mwaka 1986. Mwaka 2010 alishuka zaidi, akatoka kabisa katika ligi ya kulipwa na kwenda Chuo Kikuu cha Stanford kuratibu ulinzi wa wanafunzi chini ya Jim Harbaugh, mdogo wake John Harbaugh aliyekuwa kocha mkuu wa Ravens. Timu ile ya chuo ilishinda mechi 12 na kupoteza moja. Mwaka uliofuata Jim Harbaugh aliajiriwa na San Francisco 49ers, akaondoka na Fangio.

Yaliyofuata yanatosha kuonesha kwamba kushuka kule hakukumharibia kazi. Msimu wa 2011, 49ers walicheza mechi 14 za mwanzo bila kuruhusu mpinzani hata mmoja kufunga kwa kukimbia na mpira, rekodi ambayo haikuwahi kuwapo. Februari 2013 walifika Super Bowl, fainali ya ligi hiyo, wakafungwa 34 kwa 31 na Ravens, klabu ile ile iliyompokea Fangio alipokuwa hana kazi. Alihamia Chicago Bears mwaka 2015, akaichukua timu iliyokuwa dhaifu, na kufikia msimu wa 2018 ulinzi wake ukawa umeruhusu pointi chache kuliko wa klabu nyingine yoyote na kuwapokonya wapinzani mpira mara 36, nyingi kuliko timu zote. Ndipo Januari 2019, akiwa na umri wa miaka 60, alipopewa kwa mara ya kwanza ukocha mkuu, katika klabu ya Denver Broncos. Hakufanikiwa. Katika misimu mitatu alishinda mechi 19 na kupoteza 30, na Januari 2022 akafukuzwa.

Hapa ndipo kwetu hadithi ingekuwa imekwisha. Mtu aliyeshindwa ukocha mkuu akiwa na miaka 63 angeitwa mstaafu. Fangio alirudi kwenye fani yake. Mwaka 2023 aliratibu ulinzi wa Miami Dolphins kwa msimu mmoja, na mwaka 2024 akachukuliwa na Philadelphia Eagles, timu ambayo ulinzi wake ulikuwa umeporomoka msimu uliotangulia. Mwisho wa msimu wa kawaida, Eagles walikuwa wa kwanza katika ligi nzima kwa kuruhusu wapinzani kusogeza mpira mbele kwa yadi chache, na tarehe 9 Februari 2025 walicheza Super Bowl dhidi ya Kansas City Chiefs, mabingwa wa misimu miwili mfululizo, katika uwanja ule ule wa New Orleans ambako Fangio alianza kazi yake ya NFL mwaka 1986.

Kwa saa za kwetu mechi ile ilianza saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu, na niliikesha hadi mwisho. Naomba nieleze kilichofanyika, kwa sababu kina faida kwa mwalimu yeyote wa mabeki. Timu nyingi zinapokutana na mpiga pasi hodari kama Patrick Mahomes wa Chiefs hutuma watu wa ziada kumkimbilia ili apapatike, na kila anayekwenda mbele huacha nafasi nyuma yake. Fangio hafundishi hivyo. Huwapanga mabeki wake wawili wa mwisho mbali nyuma, wote kwa usawa mmoja, kiasi kwamba mpiga pasi akitazama kabla ya mpira kuchezwa anaona picha ile ile kila mara. Mpira ukishachezwa, mmoja wao huteremka na mwingine husogea katikati, au wote hubaki, au beki wa pembeni huchukua nafasi ya mwenzake. Na mpiga pasi, ambaye ana sekunde mbili au tatu tu za kuamua, hulazimika kuisoma picha upya huku watu wanamjia. Wanaomjia ni wanne tu wa mstari wa mbele. Usiku ule hao wanne walitosha. Mahomes aliangushwa mara sita kabla ya kuachia mpira, pasi zake mbili zikadakwa na wapinzani, na moja kati ya hizo Cooper DeJean, beki kijana aliyekuwa akitimiza miaka 22 siku hiyo hiyo, akaikimbiza hadi kufunga. Hadi mapumziko Chiefs walikuwa wamepata yadi 23 tu, wakiwa nyuma 24 kwa bila. Mechi iliisha 40 kwa 22. Mratibu wa ulinzi wa mabingwa alikuwa na miaka 66.

Ningeweza kuambiwa kwamba nimemchagua mtu mmoja mwenye bahati. Basi na tumtazame aliyekuwa upande wa pili siku hiyo. Mratibu wa ulinzi wa Chiefs ni Steve Spagnuolo, ambaye njia yake ilipita hata Ulaya, kwani alifundisha Barcelona Dragons mwaka 1992 na Frankfurt Galaxy mwaka 1998 wakati NFL ilipokuwa na ligi ya huko. Februari 2008, akiwa na New York Giants, ulinzi wake uliizuia New England Patriots iliyokuwa haijafungwa mechi hata moja msimu mzima, Giants wakashinda 17 kwa 14. Sifa zile zilimpa ukocha mkuu wa St. Louis Rams, na huko, kwa misimu mitatu, alishinda mechi 10 na kupoteza 38. Akarudi kuwa mratibu, mwaka 2012, katika klabu ya Saints, na ulinzi wake ukaruhusu yadi 7,042, nyingi kuliko ulinzi wowote uliowahi kucheza ligi hiyo. Msimu wa 2018 hakuwa na timu. Mwaka 2019 Chiefs wakamchukua, na kati ya Februari 2020 na Februari 2024 akatwaa nao ubingwa mara tatu. Mtu huyu ana rekodi mbaya kuliko zote katika fani yake na ana mataji manne katika fani hiyo hiyo. Vyote viwili ni vyake, na waliomwajiri mwaka 2019 walivifahamu vyote, kwa sababu huko kumbukumbu ya kocha msaidizi huandikwa na kuhifadhiwa: alikuwa wapi, alifundisha nafasi gani, chini ya nani, na ulinzi wake ulifanya nini.

Dick LeBeau nimtaje kwa ufupi, maana mfano wake ni mkubwa mno kwa barua moja. Alicheza beki wa Detroit Lions kwa misimu 14, akadaka pasi 62 za wapinzani, akaanza ukocha mwaka 1973. Alikuwa kocha mkuu wa Cincinnati Bengals kuanzia mwaka 2000 hadi 2002, akapoteza mechi 33 na kushinda 12. Mwaka 2004 akarejea Pittsburgh Steelers kuratibu ulinzi na akashinda nao Super Bowl mbili, ya pili akiwa na miaka 71. Aliendelea na kazi hadi 2017, mwaka aliotimiza miaka 80.

Sitaki ionekane kwamba kwao kila kitu ni haki. Msomaji makini atakuwa ameona kwamba Fangio alibebwa kutoka klabu hadi klabu na watu waliomfahamu, yaani Mora, Capers na ndugu wawili wa Harbaugh, na njia inayotegemea kufahamiana huwaacha nje wasiofahamika. Makocha weusi wameumia zaidi kwa hilo. Tony Dungy, aliyekuwa beki wa Steelers, alikuwa mratibu wa ulinzi wa klabu hiyo mwaka 1984 akiwa na miaka 28, na bado alisubiri hadi 1996 ndipo akapewa ukocha mkuu. Februari 2007 akawa kocha mweusi wa kwanza kutwaa Super Bowl, na kocha aliyeshindwa naye katika fainali hiyo, Lovie Smith, alikuwa naye mweusi na naye amekulia katika kufundisha ulinzi. Kanuni ya kuzilazimisha klabu kuwaita watu wa jamii zilizoachwa kando katika usaili wa ukocha mkuu ilikuja mwaka 2003, na haikumaliza malalamiko, kwani mwaka 2022 Brian Flores, kocha mwingine wa ulinzi, aliishtaki ligi na baadhi ya klabu kwa ubaguzi. Nayataja haya kwa sababu sisi nasi tuna kufahamiana kwetu, na tukijenga ngazi ya makocha lazima tuulize mapema nani ataruhusiwa kukanyaga daraja la kwanza.

Sasa nirudi Tanga. Mkoa huu umelea mpira. Coastal Union walitwaa ubingwa wa Bara mwaka 1988, na wazee wa Ngamiani hadi leo watakutajia kikosi kile kuanzia kipa hadi winga wa kushoto. Waulize ni nani aliyekuwa akiwafundisha mabeki wa kikosi hicho kusimama, kusogea na kufunika, nao watanyamaza kidogo, kisha watakutajia kocha mkuu. Siwalaumu wazee. Jambo halikuandikwa, na lisiloandikwa halina pa kushikiwa.

Namfahamu kocha msaidizi mmoja wa klabu ya mkoa wetu ambayo sioni haja ya kuitaja. Kazi yake ilikuwa mabeki. Alikuwa na daftari la shule la kurasa nyingi, na humo alichora kila bao walilofungwa: mpira ulitokea upande gani, beki gani alikuwa akitazama mpira badala ya mtu, kipa alisimama wapi, na kama kosa lilianza pale pale au lilianza katikati ya uwanja kwa kiungo aliyechelewa kurudi. Jioni, baada ya mazoezi, aliwakusanya mabeki wanne, akapanga mawe mchangani, akamwambia mmoja, “Wewe ndugu yangu, hapa ulikuwa sawa, aliyekuponza ni mwenzako, lakini mwenzako hajui kwa sababu hukumwambia.” Kijana yule alijibu, “Sawa mwalimu, basi kesho nitamwita kwa jina.” Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Haikuwa na mkataba wake. Alikuwa amekuja na kocha mkuu, kwa maneno ya mdomo, na timu ilipopoteza mechi kadhaa mfululizo kocha mkuu akaondolewa na yeye akaambiwa asije kesho yake. Aliyefuata alikuja na mtu wake. Daftari liliondoka na mwenyewe, na hakuna kiongozi aliyeuliza kama lipo. Mabeki wale wale wakaanza kufundishwa upya, tangu alifu.

Najua nitajibiwa kwamba klabu zetu hazina fedha za walimu wa kila nafasi, na hilo ni kweli. Lakini Dunmore, alikoanzia Fangio, ilikuwa timu ya shule, na ninachokiomba hakianzi na fedha. Kinaanza na klabu kumwandikia kocha wa ulinzi mkataba wake mwenyewe, tofauti na wa kocha mkuu, hata kama ni wa posho ndogo, ili kocha mkuu akiondoka huyu abaki kwa muda wake au aondolewe kwa sababu za kazi yake mwenyewe. Kinaendelea na klabu kudai ripoti ya maandishi mwisho wa msimu, ikaisoma na kuihifadhi. Tunao walimu wa kutosha wa kuanzia. Kila mwaka kozi za leseni za CAF, kuanzia daraja D na C, hutoa vijana waliojifunza vizuri, lakini wakirudi Makorora, Mabawa au Pongwe wote huwania kiti kimoja cha ukocha mkuu wa timu ya mtaa, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba mtu anaweza kufundisha mabeki kwa miaka 30 na hiyo ikawa kazi ya maisha yake. Wachezaji wa zamani nao wanahusika. Beki aliyetundika viatu akiwa na miaka 33, akiwa anajua mambo ambayo hakuna kitabu kitakachomfundisha kijana, anakuwa dereva wa bodaboda siku ya pili, wakati alipaswa kuwa chini ya mwalimu mkubwa akikata video na kuandika.

Na upande wa pili uko kwenu, Mhariri, na nausema kwa heshima. Ripoti ya mechi ya Mkwakwani humtaja mfungaji, humtaja kocha mkuu, humtaja mwamuzi ikiwa amekosea. Timu ikicheza mechi nyingi bila kuruhusu bao, kipa husifiwa, pengine na beki mmoja wa kati, na habari hukomea hapo. Naomba mwandishi wako aulize swali moja zaidi baada ya mechi za namna hiyo: nani anawafundisha hawa mazoezini, na alijifunzia wapi? Jina hilo likichapishwa mara kadhaa, klabu nyingine italiona, na kocha huyo atakapofukuzwa, kama makocha wote wanavyofukuzwa, atakuwa na cha kuonesha anapobisha hodi pengine. Kama nafasi inaruhusu, makala moja kwa mwezi kuhusu msaidizi mmoja, wa Ligi Kuu au wa ligi ya mkoa, ingetusaidia sisi tunaofundisha vijana kuliko uchambuzi wa usajili unaojaza kurasa kila dirisha linapofunguliwa.

Kwa makocha wasaidizi wa Tanga, Muheza, Korogwe na Pangani watakaoisoma barua hii, nawaomba waandike katika safu hii hii. Waeleze walianzia timu gani, nani aliwashika mkono, wamefundisha nafasi zipi na kwa muda gani, na mikataba yao, kama waliwahi kupewa, ilikwishaje. Wasiogope kutaja pia misimu iliyowaendea vibaya.

Mwalimu wa soka la vijana,
Chumbageni, Tanga